Njiwa na Manati: Tufunge Miezi Mingapi?

SOMO LA VIKUNDI NA JUMUIYA



Somo la mara hii halikutoka katika kitabu. Lilitoka katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama hapa Sigowet, wakati wa kupanda. Tulikuwa tumekutana kuhesabu pesa za mzunguko na kuzungumza juu ya mbegu. Mara akasimama mama mmoja mjane, mzee kiasi, ambaye sote tunamwita kogo. Alisema amepanda maharagwe gorogoro mbili katikati ya mahindi yake. Miche ilipotokeza kichwa, njiwa wakaja asubuhi na mapema wakaimaliza. Akakopa mbegu kwa kikundi, akapanda tena, wakala tena. Akasema, "Sasa nimemtoa mjukuu wangu shule. Nimempa manati, nikamwambia asirudi nyumbani bila njiwa kumi."

Wengine walicheka. Lakini kulikuwa na mama mmoja ambaye hakucheka. Kijana wake wa darasa la sita hana jicho la kushoto. Rafiki yake alilenga njiwa juu ya mti, jiwe likagonga tawi, likarudi chini. Mimi ndiye niliyefuatana na mama huyo hospitali, na najua tulivyokaa kwenye benchi tukingoja daktari atuambie kama jicho litapona. Halikupona.

Kikao kikawa kimya kidogo. Ndipo katibu wa kikundi akauliza swali ambalo ndilo somo letu leo: "Kwa nini tusiwe na miezi ya kufunga, kama vile watu wa ziwa wanavyofunga omena? Miezi mingine watoto wapige njiwa, miezi mingine waache wazae."

Siku hiyo sikuwa na jibu. Niliwaahidi kwamba nitauliza na kusoma, halafu nirudi. Haya ndiyo niliyoyapata.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili, kikundi kiweze: (a) kueleza kwa nini wanyama wengine hufungiwa miezi fulani, (b) kueleza njiwa wetu huzaa namna gani na sheria inasema nini, (c) kupanga jinsi ya kulinda mbegu bila kumwondoa mtoto shuleni na bila kutumia sumu.

1. KUFUNGA MSIMU NI KITU GANI?

Tuanze na omena, kwa sababu sote tunawanunua sokoni Sondu. Kila mwaka, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, uvuvi wa omena hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai. Miezi hiyo minne samaki hao huachwa wazaane na wadogo wapate kukua. Bei inapopanda tunalalamika, lakini sababu yake tunaielewa. Ukimvua mama kabla hajazaa, umekula na watoto wake wa mwakani.

Jirani zetu wa Tanzania nao hufanya hivyo kwa wanyama wa porini. Huko uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa leseni, lakini msimu haufunguliwi wakati wa mvua kubwa. Hufunguliwa mwezi wa Julai.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba kufunga msimu kunahitaji mambo mawili. La kwanza, mnyama awe na wakati wake wa kuzaa unaojulikana, ili ufunge miezi hiyo na kufungua mingine. La pili, watu wakubaliane, au awepo mtu wa kuwaangalia. Likikosekana moja kati ya hayo, kufunga ni maneno tu.

Hebu basi tumwangalie njiwa. Je, ana miezi yake?

2. NJIWA WETU HUZAA LINI?

Kwanza tujue kwamba tukisema "njiwa" hapa kwetu tunasema juu ya ndege wengi. Yuko njiwa mkubwa wa kijivu na kahawia, mwenye ngozi nyekundu kuzunguka jicho na madoa meupe kwenye mabawa. Huyu hukaa juu ya mabati ya shule na makanisa na hushuka shambani kwa makundi. Wako hua wadogo wenye mstari mweusi nyuma ya shingo, ambao sauti yao tunaisikia tangu alfajiri. Yuko njiwa wa msitu, mweusimweusi mwenye mdomo na miguu ya manjano. Chakula chake kikubwa ni matunda ya miti ya msituni, na humwona zaidi mtu aliye karibu na Mau. Halafu yuko njiwa wa kijani, anayependa tini za simotwet na mogoiywet, na ambaye ni nadra kushuka chini.

Wanaomsumbua kogo ni wale wawili wa kwanza. Lakini mtoto mwenye manati hachagui. Anapiga aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni yule aliyetulia juu ya mti, hana habari na maharagwe ya mtu.

Sasa juu ya kuzaa. Njiwa hutaga mayai mawili, na yule wa msituni mara nyingi hutaga moja tu. Mume na mke hupokezana kulalia mayai kwa wiki mbili na zaidi kidogo. Kinda akitoka hawezi kula punje. Wazazi wote wawili humlisha kitu kama maziwa mazito kinachotoka kooni mwao, katika kile kifuko cha chakula. Ndege wengi hawana kitu hicho. Kwa kuku, mama akifa unaweza kuwalea vifaranga kwa chenga za mahindi. Kwa njiwa haiwezekani. Mzazi mmoja akipigwa jiwe siku za kwanza, yule aliyebaki hulemewa, na makinda hufa kiotani bila mtu kuona. Tangu yai mpaka kinda kuruka ni kama wiki tano au sita.

Na jambo kubwa ni hili: kwetu hapa, karibu na mstari wa Ikweta, njiwa na hua hawangoji mwezi fulani. Mahali penye chakula na mvua hutaga karibu mwezi wowote. Kuna wakati viota huwa vingi zaidi, lakini hakuna mwezi ambao unaweza kusema, "Sasa hakuna kiota, piga." Kijana akilenga njiwa mwezi wa Januari au mwezi wa Agosti, huenda kuna makinda wanaomngoja ndege huyo jioni.

Kwa hiyo njiwa si kama omena. Ukifunga Aprili hadi Julai, wale wanaotaga Septemba umewaacha wazi. Ukifunga Septemba, umewaacha wa Machi.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Pale sheria ya Musa inamkataza mtu aliyekuta kiota asimchukue mama pamoja na watoto wake. Angalieni kwamba Musa hakutaja mwezi. Alitaja kiota. Mpaka wake haukuwa kalenda, ulikuwa ni kule kuona kwamba hapa kuna uzazi. Na kama viota vipo mwaka mzima, basi mpaka nao ni wa mwaka mzima.

3. WENZETU WA UINGEREZA WANABISHANA JUU YA HAYO HAYO

Nilishangaa kusoma kwamba swali la katibu wetu linaulizwa hata Uingereza. Huko kuna njiwa-mwitu mkubwa wa kijivu mwenye doa jeupe shingoni. Ni wengi sana, jozi zipatazo milioni 5, na hula kabichi, mbaazi na ngano ya wakulima. Ndege wengi wa kuwindwa nchini humo wana miezi yao ya kufungwa, lakini njiwa huyu hana. Mkulima anaruhusiwa kumpiga risasi mwezi wowote kwa leseni ya jumla, mradi iwe ni kuzuia uharibifu wa mazao.

Wanaotaka afungiwe miezi fulani wanasema kwamba makinda hufa njaa wazazi wakipigwa. Wanaokataa wanajibu kwamba njiwa huyo huzaa zaidi mwisho wa kiangazi chao, wakati ule ule ngano inapokomaa, hivyo ukifunga wakati wa viota umemwacha mkulima bila msaada wakati anaouhitaji. Ubishi huo ulifika mbali. Mwezi wa Aprili 2019 leseni hiyo iliondolewa kwa upande wa England baada ya kikundi cha watetezi wa wanyama kuipinga kisheria, kisha zikatolewa leseni nyingine zenye masharti mapya.

Mnaona? Pande zote mbili zinakubali kwamba njiwa na mazao wana wakati mmoja. Ndiyo maana kwa njiwa kalenda haisaidii. Wao waliamua kufungua mwaka mzima. Sisi Kenya tuliamua kufunga mwaka mzima, kama tutakavyoona.

Lakini kabla ya kufika huko, mtu asije akasema, "Njiwa ni wengi, hawawezi kuisha." Marekani palikuwa na njiwa wa kuhamahama waliohesabiwa kwa mabilioni. Wakiruka walifunika jua. Watu waliwafuata mpaka mahali walipojenga viota na kuwachukua wazazi na makinda kwa magunia, wakawapeleka mjini kwa gari la moshi. Mwaka 1878, karibu na Petoskey katika jimbo la Michigan, walivamiwa hivyo katika mojawapo ya makao yao makubwa ya mwisho. Tarehe 1 Septemba 1914 yule wa mwisho kabisa, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Miaka 36 tu ilitosha. Waliokatiwa misitu na kuvamiwa viotani kwa wakati mmoja hawakuweza kurudi.

Na sisi msitu wetu tumeukata. Kikosi kazi cha serikali kilichochunguza Mau kilisema katika ripoti yake ya mwaka 2009 kwamba karibu hekta 107,000, kama robo ya msitu, zilikuwa zimepotea katika miaka ishirini hivi. Njiwa wa msituni amepunguziwa nyumba. Tusimwongezee na mawe.

4. SHERIA YETU INASEMA NINI?

Wengi katika kikundi hawakujua kwamba swali la katibu lilishajibiwa na sheria.

Mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Uwindaji wa ndege kwa mchezo uliendelea kwa leseni kwa miaka mingi baada ya hapo, lakini huo ulikuwa wa watu wenye bunduki na pesa za leseni. Sasa tunayo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Katika sheria hiyo hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani ni kosa. Kifungu cha 97 kinataja faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Ndege wa porini ni mnyamapori kama mwingine.

Basi, kwa karatasi, njiwa amefungwa miezi 12. Kwa kijiji, amefunguliwa miezi 12. Hakuna kijana hapa aliyewahi kuulizwa na askari wa KWS juu ya manati yake, na sisemi kwamba watoto wakamatwe. Nasema tusikae katika kikundi tukapitisha ati mwezi fulani ni halali kupiga. Hatuna mamlaka hayo. Mtoto wa mtu akishikwa, barua yetu ya kikundi haitamtoa.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana kogo ana haki ya kusikilizwa. Sheria hiyo hiyo inaruhusu fidia kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama waliotajwa katika orodha yake, kama vile ndovu, nyati na kiboko. Njiwa hayumo. Yaani sheria inamwambia kogo asimguse njiwa, na njiwa akimaliza maharagwe yake, hakuna ofisi ya kumlipa. Hasara yote imewekwa juu ya mgongo wa mtu mmoja, na mtu huyo ni mjane mwenye gorogoro mbili za mbegu. Tukimwambia tu "Njiwa ni kiumbe cha Mungu, mwache," halafu tukaenda zetu, hatukumsaidia. Tumempa mzigo mwingine.

Kwa hiyo mimi nimeona kwamba swali letu la kweli si miezi mingapi tufunge. Swali ni: hasara ya njiwa abebe nani? Tukilijibu hilo, manati yenyewe itakosa kazi.

5. KULINDA MBEGU BILA JIWE

Tulikaa tena na kikundi, na safari hii tulimwalika afisa wa kilimo. Tulianza kwa kuhesabu siku. Haragwe likipandwa huota kwa siku saba mpaka kumi. Njiwa hupenda yale majani mawili manene ya kwanza, yakiwa bado laini. Mmea ukishatoa majani yake ya kweli na kukaza, njiwa hana haja nao tena. Hivyo hatari yote ni kama wiki mbili au tatu kila msimu. Hatulindi shamba mwaka mzima. Tunalinda siku chache zinazojulikana.

Haya ndiyo tuliyokubaliana:

(a) Hakikisha mwizi ni nani. Amka mapema uangalie. Palipofukuliwa udongo, huyo mara nyingi ni kwale, kindi au panya, si njiwa. Mche uliokatwa chini na kuachwa umelala ni kazi ya kiwavi. Njiwa huokota mbegu iliyobaki juu na kunyofoa yale majani manene. Usimhukumu asiyehusika.

(b) Funika mbegu vizuri. Sentimita tatu mpaka tano za udongo zinatosha. Mbegu nyingi zinazoliwa ni zile tulizoziacha juu kwa haraka ya mvua, na hizo ndizo zinazowaita njiwa wengine.

(c) Pandeni wiki moja. Shamba lililotangulia peke yake, au lililochelewa peke yake, hubeba njiwa wa kokwet nzima. Kogo alipanda baada ya wenzake kwa sababu alikuwa anangoja pesa za majani chai. Mashamba ya jirani yalikuwa yamekwisha kaza, lake tu ndilo lilikuwa laini. Hapo ndipo tuliona kwamba kuchelewa kwake ndiko kulikomponza, wala si wingi wa njiwa.

(d) Tisheni, na mbadilishe. Kanda kuukuu za kaseti zilizovutwa kati ya vijiti hulia kwa upepo. Mikebe na karatasi za kung'aa pia husaidia. Sanamu ya mtu iliyovaa koti huogopesha siku mbili tatu, kisha njiwa humzoea na kumkalia kichwani. Ihamishe kila mara.

(e) Lindeni kwa zamu. Njiwa huja zaidi asubuhi mapema na alasiri. Mtu mzima mmoja anaweza kuangalia mashamba manne au matano yanayopakana kwa saa mbili za asubuhi, na watoto wakasaidia jioni baada ya masomo kwa kupiga kelele na makofi. Mtoto haachi shule kwa sababu ya njiwa.

(f) Mbegu ya akiba ya kikundi. Hili ndilo lililonifurahisha zaidi. Kila mwanachama anapovuna anatoa nusu gorogoro ya maharagwe safi kwa kikundi. Mbegu hiyo huhifadhiwa na mweka hazina. Mwanachama ambaye miche yake imeliwa anapewa ya kupanda tena, hailipi kwa riba, anarudisha akivuna. Haba na haba hujaza kibaba. Hivyo hasara ya kogo inagawanywa kwa watu ishirini na wanne, na hakuna anayeumia.

Mtu akiuliza, "Na nyama je? Watoto wanapiga njiwa kwa sababu wana njaa ya nyama," hilo nalo ni swali la haki. Afadhali tufuge. Sungura na kuku ni rahisi. Hata njiwa wa kufugwa ni wazuri kwa kitoweo, na kinda wake hufaa kuliwa akiwa na umri wa kama wiki nne. Wafungieni tu ndani zile wiki za kupanda, msije mkawa nyinyi ndio mnaomlia jirani mbegu.

6. ONYO JUU YA SUMU

Nilipotaja kuacha manati, baba mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Kuna dawa mtu anaweza kuweka kwenye mahindi." Nikaona ni lazima tuseme wazi.

Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, huko Magharibi, kuanzia mwaka 2009 watafiti wa ndege waliripoti kwamba watu walikuwa wanaweka sumu ya Furadan ili kuua ndege, kisha wanawauza kwa kitoweo. Hiyo ni dawa ya wadudu ya kuwekwa udongoni, kali sana. Kampuni iliyoitengeneza iliiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009 baada ya habari za simba waliouawa kwayo. Lakini sumu nyingine za jamii hiyo bado ziko madukani.

Sumu haichagui. Inamuua njiwa, kuku wa jirani, mbwa, na mtoto aliyeokota punje. Kwa hiyo: usile kamwe ndege uliyemkuta amekufa au amelegea shambani. Mtu akianza kutokwa na mate mengi na jasho, kutapika, kutetemeka na kushindwa kupumua baada ya kula au kushika dawa, mkimbizeni hospitali mara moja, na mwende na chupa au karatasi ya dawa hiyo ili daktari aione.

7. NENO KWA WAZEE NA WALIMU WA VIJANA

Wazee watasema kwamba ndege na vijana ni mambo ya zamani. Ni kweli. Katika jamii kadhaa za Kalenjin, na kwa Wamaasai pia, vijana waliotoka kutahiriwa waliwinda ndege wadogo kwa mishale butu na kujipamba kwa manyoya yao. Lakini mila hizo hizo zilikuwa na mipaka. Watu wa ukoo wa Moi, kwa mfano, ndege wao ni kong'ony, yule korongo mwenye taji, na mtu wa ukoo huo alijua tangu utoto kwamba huyo hagusi. Hakuna askari aliyemfuata. Alifundishwa nyumbani.

Ndiyo sababu nawaomba motirenik, wale walimu wa vijana wakati wa tumdo mwezi wa Desemba, waweke jambo hili katika mafunzo yao. Kijana aliyefundishwa menjo kwamba mwanamume hampigi mzazi aliye na makinda, atalishika kuliko akisomewa kifungu cha 97. Samaki mkunje angali mbichi. Na wazazi tuangalie mifuko ya watoto wetu. Manati si kitu cha kuchezea. Jicho halioti tena.

MWISHO

Mtapenda kujua yaliyompata kogo. Mwezi wa Aprili alipanda mara ya tatu, kwa mbegu ya kikundi. Akina mama walipeana zamu kwa siku kumi na sita. Njiwa walikuja hata hivyo, na safu mbili za kando ya njia waliharibu. Nyingine zilisimama. Hakuvuna mengi kwa sababu alikuwa amechelewa, lakini alirudisha mbegu aliyopewa na akabaki na ya kula.

Mjukuu wake alikuwa amekosa shule wiki tatu. Amerudi. Manati yake tuliomba atuachie, akakataa kwanza, halafu akamletea katibu mwenyewe. Kwa hiyo jibu la swali la katibu ni hili: kwa njiwa wetu tusifunge miezi minne wala sita. Tufunge yote, kama sheria inavyosema, lakini hasara tuibebe pamoja.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Eleza tofauti kati ya omena na njiwa katika kuzaa. Kwa nini kufunga miezi michache kunafaa kwa mmoja na hakufai kwa mwingine?

2. Katika kokwet yenu, ni nani hupanda akiwa wa mwisho, na kwa nini? Mnaweza kumsaidia namna gani apande pamoja na wenzake?

3. Je, ni haki sheria imlinde njiwa bila kumlipa mkulima mdogo? Mngependa kumwambia nini mwakilishi wenu wa wadi juu ya hilo?

4. Ni watoto wangapi katika jumuiya yenu hukosa shule wakati wa kupanda au kuvuna? Andikeni majina yao na mpange atakayeshika kazi yao.

5. Someni Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ni mipaka gani ya namna hiyo ambayo wazee wenu walikuwa nayo juu ya wanyama na miti, na ni ipi inafaa kurudishwa?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama aamke asubuhi moja aangalie shamba lake kwa saa nzima, ahesabu ndege waliotua na aone wanakula nini. Mlete hesabu hiyo kwenye mkutano. Na kikundi kiamue kiasi cha mbegu ya akiba ambacho kila mtu atatoa mavuno yajayo.